Jina la babu, mhuri wa mtaa na kamera ya simu: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki kilichukua siku 19. Kilimhusu mfanyakazi mmoja, lakini nimekiandika kwa ajili ya waratibu, maofisa ajira na yeyote anayewatafutia Watanzania kazi za mbali, kwa sababu karibu kila kipande chake nimekiona kikijirudia kwa wengine. Majina nimeyaacha, mji sikuutaja, na mambo yanayoweza kumtambulisha mhusika nimeyatoa au kuyageuza kidogo. Bi. M. aliisoma rasimu na kuniruhusu.

## Wahusika na mazingira

Bi. M. alifundisha Kiswahili sekondari kwa zaidi ya miaka kumi, kisha akaacha kazi ili amuuguze mama yake. Anaishi katika mji wa pwani ya Tanzania Bara, ana watoto wanne, na mtaani kwake hakuna anayemwita kwa jina. Majirani humwita Mama Fulani, kwa jina la kifungua mimba wake. Vijana waliopita darasani kwake humwita Mwalimu.

Kazi aliyoipata ilikuwa ya kusikiliza rekodi za sauti za Kiswahili na kusahihisha maandishi yaliyotolewa na mashine. Mwajiri alikuwa kampuni ya Ujerumani, malipo ni kwa saa, mkataba wa miezi sita. Mimi nilikuwa mratibu upande wa Tanzania: natafuta watu, nawafundisha, nasikiliza shida zao. Uhakiki wa utambulisho haukuwa mikononi mwangu wala mwa mwajiri. Ulikuwa umekabidhiwa kampuni ya tatu, na mfanyakazi aliufanya kwa programu ya simu.

Programu ilitaka vitu vitatu: kitambulisho chenye picha, uso wa mtu mwenyewe, na uthibitisho wa anwani. Kwa Bi. M. kila kimoja kilikuwa na mgogoro wake.

Kitambulisho kwanza. Kama Watanzania wengi, alikuwa na namba ya NIDA, zile tarakimu 20, lakini kadi yenyewe hakuwa nayo, na programu haikukubali namba iliyoandikwa kwenye karatasi. Bahati nzuri alikuwa na pasipoti ya kielektroniki aliyoichukua alipokwenda Umra. Pasipoti hiyo ina majina matatu: lake, la baba na la babu, na la babu ndilo lililokaa mahali pa jina la ukoo. Lakini maisha yake yote, tangu cheti cha shule hadi cha ualimu, amejiandika kwa mawili, lake na la baba. Fomu ya maombi ya kazi ilikuwa na visanduku viwili, "jina la kwanza" na "jina la familia". Akajaza jina lake na la baba, kama ambavyo ningejaza mimi. Alipoolewa hakubadili jina, na laini ya simu aliyotumia ilisajiliwa kwa jina la mume.

Anwani nayo: umeme wa nyumba yao ni wa LUKU, unanunua tokeni unaingiza kwenye mita, bili haiji. Mita yenyewe bado ina jina la marehemu baba mkwe. Barua zao hupitia sanduku la posta la shule aliyokuwa akifundisha.

## Yaliyotokea

Bi. M. alianza uhakiki saa tano usiku. Watoto walikuwa wamelala, na bando alilokuwa nalo lilikuwa la usiku. Pasipoti ilisomwa mara moja. Kisha programu ikamtaka aitazame kamera na kugeuza kichwa kushoto na kulia, ili ijulikane kuwa ni mtu hai na si picha iliyoshikwa mbele ya simu. Taa ya chumba ilikuwa nyuma yake. Mara ya kwanza ikakataa. Mara ya pili alimwamsha mwanawe ammulikie tochi, kamera ikanasa nyuso mbili. Alipoanza mara ya tatu, maandishi ya Kiingereza yakatokea yakimtaka aondoe kilichofunika kichwa.

Hapo akasita. Bi. M. hutembea na hijabu, na picha ya pasipoti ile ile aliyoionyesha dakika tano kabla ilipigwa akiwa na hijabu. Kanuni za kimataifa za hati za kusafiria zinaruhusu vazi la kichwa la kidini mradi uso uonekane. Hakujua picha bila hijabu ingemfikia nani, wangapi, na ingehifadhiwa wapi. Akaizima simu akalala. Programu ililihesabu jaribio lile lililoachwa njiani kuwa la tatu kushindwa, ikaifunga akaunti.

Siku ya tatu meneja wa mradi akamwandikia kwa Kiingereza. Barua ilianza kwa jina lake la kwanza tupu, bila salamu. Ilisema majina kwenye maombi na kwenye pasipoti hayafanani, uhakiki wa uso umeshindwa mara tatu, na mtu mwingine ameonekana kwenye picha. Ikauliza: je, kuna mtu mwingine aliyeomba kazi hii kwa niaba yako? Ikataka jibu kabla ya Ijumaa.

Meneja alidhani ameuliza swali. Bi. M. alisoma hukumu. "Ameniita mwizi," aliniambia baadaye, "tena kwa jina langu, kama mtoto anayetumwa dukani."

Hakujibu. Alikwenda kwa kaka yake mkubwa, mtumishi wa serikali anayeheshimika mjini kwao, akamweleza. Siku ya sita kaka huyo aliandika kwa meneja kutoka kwenye barua pepe yake mwenyewe. Alijitambulisha kwa jina na cheo, akaeleza mwenendo wa dada yake, akaambatanisha nakala ya pasipoti, barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa yenye picha iliyogongwa mhuri pembeni, na majina ya wadhamini wawili pamoja na namba zao za simu.

Kwa kipimo cha kwetu, kaka yule alifanya kila kitu sawasawa. Ndivyo tunavyofungua akaunti benki, tunavyomwekea mtu dhamana, tunavyopeleka posa. Mwenye jambo zito hajisemei, husemewa na aliye mkubwa, na uzito wa maneno hutoka kwa anayeyasema.

Ujerumani barua ile ilipokewa kinyume kabisa. Waliuliza kama kuna mtu mwingine nyuma ya maombi, na jibu likaja kutoka kwa mtu mwingine. Barua ya mtaa ilikuwa ya Kiswahili, haikusomwa. Siku ya saba akaunti ya kazi ikasimamishwa, nami nikapata taarifa kwamba mkataba utavunjwa baada ya siku tano za kazi.

## Tulichoamua, na kwa nini

Uamuzi wangu wa kwanza ulikuwa mbaya. Nilimpigia Bi. M. nikamwambia, "Dada, ni sekunde tatu tu. Funga mlango, vua, piga picha, yaishe." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, kaka." Nikaikata simu nikiamini tumekubaliana. Ile "sawa" ilikuwa ya kuyamaliza mazungumzo bila kunivunjia heshima, na mtu aliyekulia Uswahilini alipaswa kuisikia. Siku mbili zilipita bila lolote, katika siku tano tulizokuwa nazo.

Wakati huo huo nilimwandikia meneja. Nilianza kwa kumjulia hali, nikashukuru kwa ushirikiano, nikaeleza desturi zetu za majina kwa kirefu, na ombi lenyewe likaja aya ya nne. Jibu lilikuwa la mstari mmoja: unataka nifanye nini? Nilikwazika kwa nusu siku nzima. Kisha nikaisoma tena nikaona kwamba ni swali la kweli. Yule bwana hakuwa akinifukuza. Alitaka ajue afanye nini, na mimi sikuwa nimemwambia.

Nikaandika upya, maombi yakiwa mstari wa kwanza. Asimamishe kuvunja mkataba kwa siku 14. Uhakiki wa kamera ubadilishwe uwe simu ya video na mtu. Mtu huyo awe mwanamke. Chini yake niliweka maelezo mafupi ya majina: hili lake, hili la baba, hili la babu, na mahali kila moja lilipokaa kwenye pasipoti, kwenye fomu na kwenye akaunti ya benki.

Ombi la kuongea na mtu sikuliomba kama hisani. Kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi, inayotumika tangu tarehe 25 Mei 2018, katika kifungu cha 22 inampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake jambo linalomwathiri kwa uzito, na hata pale panaporuhusiwa kwa sababu ya mkataba, anaweza kudai binadamu aingilie. Kampuni ikiwa Ulaya, kanuni inamlinda mhusika hata akiwa Mtanzania aliyekaa Tanzania. Waratibu wengi wa kwetu hawalijui hilo, wakaomba kwa kubembeleza kitu ambacho sheria imekwisha kukitoa.

Kisha tukashughulikia zile nakala. Pasipoti ya Bi. M. ilikuwa imepita kwenye barua pepe ya kaka, kwenye WhatsApp ya binamu aliyeiskani, na kwa meneja asiyekuwa na kazi nayo. Tuliwaomba wote waifute, na meneja alithibitisha kwa maandishi. Sisi pia tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, lakini mazoea ya kutumiana vitambulisho kwenye simu kama picha za harusi hayajaisha.

Kuhusu anwani, nilikwenda kuuliza kwa nini wanaing'ang'ania hivyo. Afisa mmoja alinieleza kwamba Ujerumani anayehamia nyumba mpya analazimika kujiandikisha kwenye ofisi ya manispaa ndani ya wiki mbili, na hupewa hati. Kwao mtu mzima asiye na karatasi ya anwani ni mtu anayejificha. Sikuwa nimewahi kulifikiria kutoka upande huo. Tulikubaliana watumie taarifa ya benki yenye mhuri wa tawi, na barua ya mtaa ifasiriwe iwe nyongeza.

Lililobaki lilikuwa kaka. Bi. M. hakutaka kuongea na wageni bila yeye kuwepo, na Wajerumani hawakutaka mtu wa tatu. Tuliamua aonekane mwanzoni mwa simu, atambulishwe, asalimiane nao, kisha atoke. Dakika mbili. Sidhani kuna uamuzi mwingine katika kisa hiki uliotusaidia kama huo.

## Matokeo

Simu ilifanyika siku ya 17. Afisa wa kike alianza kwa kujitaja yeye: jina lake, idara yake, nani ataiona rekodi na itafutwa lini. Hayo tulimwomba ayaseme kabla ya kuuliza chochote. Bi. M. alikuwa na hijabu yake, ameketi mchana mbele ya dirisha, pasipoti mkononi. Aliulizwa maswali kuhusu maombi yake, akaombwa aisogeze pasipoti kwenye mwanga ili alama zake zionekane. Dakika 20 zikaisha. Siku ya 19 akaunti ikafunguliwa.

Saa alizozikosa hazikulipwa. Niliziombea, nikakataliwa kwa hoja kwamba mkataba unalipa kazi iliyofanyika. Bado naona si haki, kwa sababu kilichomzuia kufanya kazi kilikuwa chao.

Meneja aliandika mistari miwili ya kuomba radhi kwa namna alivyouliza. Bi. M. alisema amesikia, ila jambo la namna hiyo halimalizwi kwa barua. Nilimfikishia meneja, naye siku iliyofuata akampigia. Alimwita "Mwalimu". Nilikuwa nimemwambia hivyo ndivyo wanavyomwita, sikutegemea atakumbuka. Bi. M. alifanya kazi hadi mkataba ukaisha, kisha akakataa kuongeza.

## Uchambuzi

Ni rahisi kusema programu ndiyo mbaya. Nawasihi wasomaji wasiishie hapo, maana shaka ya kampuni haikutoka hewani. Mei 2022 serikali ya Marekani ilitoa onyo kuhusu wataalamu wa kompyuta wa Korea Kaskazini wanaojipatia kazi za mbali kwa utambulisho wa watu wengine. Julai 2025 Christina Chapman, mwanamke wa Arizona, alihukumiwa kifungo cha miezi 102 kwa kuwahifadhia nyumbani kwake kompyuta za kazi, mpango uliogusa kampuni zaidi ya 300 za Marekani. Karibu zaidi na sisi, kununua na kukodisha akaunti za kazi za mtandaoni ni jambo linalojulikana Nairobi, na Dar es Salaam lipo. Meneja wetu alikuwa amekwisha kukutana na akaunti moja iliyofanyiwa kazi na watu watatu. Kuhakiki kwao kulikuwa na sababu. Kosa ni kwamba dalili walizozitafuta zilikuwa zile zile za adabu ya kwetu: kunyamaza kabla ya kujibu, kutuma mkubwa akusemee, kuwa na majina yanayotumika mawili hapa na matatu pale.

Wapo watakaosema Bi. M. aliogopa teknolojia. Sikubaliani nao. Tulipotakiwa kusajili laini za simu kwa alama za vidole kuanzia Mei 2019, na mwisho ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020, alipanga foleni kama sisi sote na akaweka kidole. Tofauti ni kwamba pale palikuwa na kijana wa wakala chini ya mwavuli, anayesalimia, anayejibu ukiuliza, ambaye kesho utamkuta pale pale. Usiku ule chumbani alikuwa na skrini inayoamrisha, na hakuna wa kumuuliza.

Nimeulizwa pia kama mashine ilimkataa kwa rangi yake. Kwa kisa hiki siwezi kudai hivyo. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipima mifumo 189 ya kutambua nyuso na mwaka 2019 ikaripoti kwamba mingi hukosea zaidi kwa watu wa Afrika Mashariki na Magharibi na wa Asia Mashariki, lakini hasa kwa kosa la kuwafananisha watu wawili tofauti. Bi. M. hakufananishwa na mtu. Alikuwa na taa nyuma, tochi pembeni na sura ya pili ndani ya picha. Anayeshika hoja ya rangi mahali isipohusika huidhoofisha pale itakapohusika kweli.

Visanduku viwili vya majina ndivyo vilivyoanzisha yote, na vinawasumbua wengi. Mfanyakazi mmoja mwenzake Bi. M., kutoka Kanda ya Ziwa, ana jina linaloanza na Ng'. Kwenye mistari ya chini ya ukurasa wa pasipoti, ile inayosomwa na mashine, kila mstari una nafasi 44 na alama ya ritifaa, ile iliyo juu baada ya Ng, haikubaliwi, hutupwa. Benki iliandika jina lake na ritifaa, pasipoti ikasomwa bila ritifaa, naye akaambiwa majina hayalingani. Kosa la herufi ambayo si hata herufi lilimgharimu wiki.

Kuhusu jina la kwanza tupu, upande wa pili nao una lake. Meneja aliniambia kwamba ofisini kwao mkurugenzi na mwanafunzi wa mazoezi huitana majina, na kuanza na vyeo kungekuwa kumweka Bi. M. mbali. Alidhani anamkaribisha. Namwamini. Lakini jina lile tupu liliambatana na tuhuma, katika barua isiyo na salamu, kwa mwanamke ambaye hajaitwa hivyo na mtu mdogo wake tangu ujana. Ukaribu anaoukusudia mtu katika lugha ya kazini hauonekani kwenye barua, ila hutambulika kwenye sauti, na ndiyo maana simu iliweza pale barua zote tano zilipokwama. Tungepiga siku ya tatu, nadhani tungemaliza siku ya tano.

Kampuni imeibadili fomu. Sasa ina kisanduku kimoja cha jina kama lilivyo kwenye pasipoti, na kingine cha jina ambalo mtu angependa kuitwa. Agizo la kuvua vazi la kichwa limefutwa. Kabla ya kupiga picha mtu anaelezwa akae mchana, mwanga uwe mbele yake, peke yake, na anapewa namba ya kupiga akikwama. Anwani bado. Anayepanga chumba na hana akaunti ya benki hana karatasi yoyote watakayoikubali, na barua ya mtaa bado wanaiita nyongeza.

Baada ya haya niliwapitia wengine wa kundi lile. Wawili walikuwa wamekwama kwenye kamera wiki ile ile aliyokwama Bi. M. na hawakumwambia mtu, tukawahesabu kuwa walioacha kazi wenyewe. Niliwapigia. Mmoja namba yake haipatikani tena. Wa pili alipokea, akaitikia salamu, akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama bado angeweza kujaribu. Nimemwandikisha kwa simu ya video ya Jumanne.